Ukipigwa Tochi Uingereza

Kwetu Tanzania mtu akipigwa tochi hujua saa ile ile. Askari hutokeza kando ya barabara, huinua mkono, motokaa husimama, na tarakimu ya mwendo huonyeshwa katika chombo alichokishika. Salamu hutolewa, maneno mawili matatu hupita, na kabla vumbi halijatua dereva amekwisha jua kosa lake na kiasi cha faini yake. Uingereza mambo hayaendi hivyo. Msafiri hupita mbele ya sanduku la manjano lililosimikwa juu ya mlingoti, asione mtu wala asisikie sauti, akaendelea na safari yake, akafika, akala, akalala, akasahau kabisa kuwa siku ile alipita njia ile. Kisha, baada ya juma moja au mawili, bahasha hudondoka kupitia tundu la barua mlangoni, na ndani yake mna waraka wa polisi wenye tarehe, saa, dakika, jina la barabara na namba ya motokaa. Kimya hicho kilicho baina ya kosa na waraka huwatia wageni wengi taharuki, na aliyetaharuki aghalabu hujibu vibaya, au hajibu kabisa.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili yako wewe ukaaye England au Wales, au uliyekwenda huko kuwatazama jamaa na kushika usukani kwa siku chache. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao ambazo sitaziingilia hapa. Neno la kwanza nikuombalo ulitie moyoni kabla hujafanya lolote ni hili: waraka ule wa kwanza hauombi fedha. Juu yake pameandikwa Notice of Intended Prosecution, yaani ilani ya kusudio la kushtaki, na maneno hayo humtetemesha mtu hata akadhani kuwa amekwisha hukumiwa; lakini ukiusoma kwa makini hadi chini utakuta kuwa jambo moja tu linatakiwa kwako, nalo ni jibu la swali: nani alikuwa akiendesha? Usitafute mahali pa kulipia, kwa maana hapapo bado. Katika hili waraka wa mwendo hutofautiana na ile tikiti ya halmashauri ya mji kwa aliyeingia njia ya mabasi, ambayo ni deni la mwenye gari na hupunguzwa nusu akilipa upesi. Mwendo ni jinai, na jinai hutaka mtu wa kubeba jina lake. Kadhalika jihadhari na ujumbe wa simu usemao kuwa unadaiwa faini ya mwendo, ubonyeze hapa ulipe. Huo ni wa matapeli, kwa sababu polisi huanza shauri hili kwa barua iliyotumwa kwa mtu ambaye motokaa imeandikishwa kwa jina lake katika ofisi ya leseni iliyoko Swansea.

Binamu yangu akaaye Leicester alipata waraka wa namna hii majira ya kiangazi, wakati nyumba yake imejaa wageni kutoka Tanga. Aliusoma amesimama, akaukunja mara nne, akausukuma nyuma ya kopo la mchele juu ya kabati la jikoni, na hapo ukakaa siku 22. Nilipofika kwake na yeye kuutoa ili anionyeshe, pembe moja ilikuwa imeingia doa la samli, na mikunjo imeanza kulika. Motokaa yake ilionekana ikienda maili 37 kwa saa mahali ambapo mwisho ulikuwa 30. Alikuwa na pointi sita tayari katika leseni yake kwa kosa la nyuma, na kazi yake ni kuzunguka nyumba hadi nyumba akiwahudumia wazee wasiojiweza, hivi kwamba leseni ile kwake ilikuwa ni unga wa watoto. Mkewe akamimina chai, akasema bila kuinua macho, “Shemeji, si tumwandike mjomba tu? Mjomba keshaondoka, yuko zake Pangani. Nani atamfuata huko?”

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu asemavyo kuwa mzigo ukimlemea mmoja, mwingine aushike upande wa pili. Katika malezi yetu kubebana ni sifa, na mjomba mwenyewe, lau angepigiwa simu, nina hakika angejibu kwamba andikeni, wanangu, mimi nina nini cha kupoteza. Wema huu wetu, ndugu msomaji, ndio mtego mkubwa kuliko yote katika jambo hili, na kwa sababu hiyo nitakaa hapa kidogo kabla sijafika kwenye taratibu za karatasi.

Kwenda maili 37 mahali pa 30 ni taksiri ndogo, ambayo sheria ya Uingereza ina njia kadhaa za kuimaliza bila mtu kuonana na hakimu. Bali kuandika jina la mtu ambaye hakuendesha, ukatia sahihi chini yake, huitwa huko kupotosha mwenendo wa haki, na ni kosa zito ambalo adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha maisha. Chris Huhne alikuwa mwanasiasa mkubwa aliyefika kuwa waziri wa nishati katika baraza la mawaziri la Uingereza. Mwaka 2003 motokaa yake ilinaswa na kamera katika barabara kuu ya M11, na mkewe wakati huo, Vicky Pryce, mwanauchumi mwenye heshima zake, akaandikwa kuwa ndiye aliyeendesha, akazibeba zile pointi tatu. Miaka ikapita, ndoa ikavunjika, siri ikatoka. Na mwezi Machi mwaka 2013, miaka kumi baada ya picha ile, wote wawili walihukumiwa kifungo cha miezi minane kila mmoja. Pointi tatu! Na leseni iliyokuwa ikilindwa hivyo Huhne aliipoteza mwaka ule ule wa 2003 kwa kosa jingine, la kushika simu akiendesha.

Tena lile wazo la kumwandika jamaa aliyekwisha rejea Afrika si hila mpya kwa polisi wa huko. Wamelisikia mara nyingi kutoka kwa watu wa kila taifa. Wakiona jina la dereva mwenye anwani ya ng'ambo huweza kutaka ushahidi kuwa mtu huyo yupo kweli, kuwa siku ile alikuwa ndani ya nchi, na kuwa alikuwa na bima ya kuiendesha motokaa ile. Nilimweleza shemeji yangu haya yote pale pale mezani, naye akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Basi mjomba tusimtie.” Akaenda kutafuta kalamu.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Kifungu cha 172 cha Sheria ya Barabara ya mwaka 1988 kinamlazimu aliyetumiwa waraka kumtaja dereva katika muda wa siku 28. Si ombi, na kunyamaza si kinga. Wako watu waliopeleka hoja hii hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wakidai kuwa mtu hawezi kushurutishwa kujitaja mwenyewe katika kosa, na mwaka 2007 mahakama hiyo iliamua kuwa sharti hilo halivunji haki yao. Asiyejibu hushtakiwa kwa kutojibu, na adhabu yake ni pointi sita pamoja na faini iwezayo kufika pauni 1,000, ilhali kosa la mwendo lenyewe huenda lingekwisha kwa pointi tatu na pauni 100. Kampuni za bima nazo huitazama alama ya kutojibu kwa jicho baya kuliko alama ya mwendo, kwa hiyo mtu hulipia kimya chake kwa miaka. Laiti ningepewa nafasi ya kumwambia kila Mswahili aliyeko huko neno moja tu, ningemwambia autoe waraka wake nyuma ya kopo la mchele.

Jaza kila sehemu kwa herufi zisomekazo, na utie sahihi, maana kulipita kundi la watu walioamini kwamba fomu isiyotiwa sahihi haiwezi kutumiwa dhidi yao, na mahakama zikakata kuwa fomu ya namna hiyo ni sawa na kutojibu. Majeshi mengi ya polisi siku hizi hupokea majibu kwa intaneti pia, na namna ya kufanya hivyo huelezwa ndani ya waraka wenyewe. Ukituma kwa posta, piga picha ya kila ukurasa kwanza, kisha peleka bahasha mwenyewe dirishani na uombe stakabadhi ya kuwa umeituma. Hutolewa bure, na ndiyo shahada yako siku polisi watakaposema kuwa hawakupata kitu.

Huenda kweli hukumbuki nani aliendesha, hasa kama motokaa hutumiwa na mume, mke na kijana wa nyumbani. Hapo pia jibu ni lazima. Andika kuwa zipo nafsi mbili au tatu ziwezekanazo, uzitaje, ueleze ulivyochunguza, na uombe picha za kamera zikusaidie kumtambua dereva. Sheria humwachia mtu aliyefanya juhudi ya dhati akashindwa kujua, lakini juhudi hiyo hupimwa na hakimu: je, ulitazama kalenda, simu, malipo ya mafuta ya siku ile, ratiba ya kazi? Na jua kuwa kuomba picha hakusimamishi hesabu ya siku 28, na kuwa kamera nyingi hupiga motokaa kwa nyuma, kwa hiyo yawezekana ukaletewa taa mbili nyekundu na namba ya gari, uso usionekane kabisa.

Kamera zile za kale zinazopiga kwa nyuma huitwa Gatso, kwa jina la Maurice Gatsonides, Mholanzi aliyekuwa bingwa wa mashindano ya magari, aliyeshinda mbio za Monte Carlo mwaka 1953, naye alibuni chombo hicho ili apime mwendo wake mwenyewe apate kuuongeza. Chombo hupima kwa mawimbi ya rada, kisha hupiga picha mbili zilizoachana kwa nusu ya sekunde, na mistari myeupe iliyochorwa barabarani huonyesha motokaa imesogea hatua ngapi baina ya picha na picha. Nimeyaeleza haya kwa sababu utakapotaka kubishana ujue unabishana na nini. Ushahidi ni wa namna mbili, rada na mistari, nao hukaguana. Mtu mwenye hoja ya haki, mathalani kibao cha mwendo kilichofunikwa na matawi, au namba ya gari isiyo yake, aende mapema akapige picha mahali pale kabla matawi hayajakatwa. Asiye na hoja asijitwishe kesi kwa kuwa tu roho imechafuka.

Kuna hesabu ya siku 14 ambayo watu husimuliana sana, na wengi huifahamu nusu. Ni kweli kuwa waraka wa kwanza hauna budi kumfikia aliyeandikishwa gari ndani ya siku 14 tangu kosa, isipokuwa pale dereva alipoonywa kwa mdomo papo hapo au palipotokea ajali. Lakini muda huo ni wa waraka wa kwanza tu. Ikiwa ulikodi motokaa, wa kwanza hupelekwa kwa kampuni, kampuni hukutaja wewe, kisha polisi hukuandikia. Huenda umekwisha rudi Mombasa, na mwezi na zaidi umepita, wala waraka wako haujabatilika kwa hilo. Tena hata pale ambapo siku 14 zimepita kweli na unayo hoja ya kujitetea katika kosa la mwendo, swali la nani aliendesha bado linakudai jibu.

Baada ya jibu kufika huwa kuna njia tatu, na ni kadiri ya mwendo ndiyo hukuonyesha uelekeo wako. Kwa desturi iliyopendekezwa na wakuu wa polisi, hawachukui hatua mpaka dereva apite kipimo kwa sehemu moja ya kumi na kuongeza maili mbili, basi mahali pa maili 30 hesabu huanzia 35. Kutoka hapo hadi 42 mtu aghalabu hupewa nafasi ya kozi ya mwendo, ikiwa hakuhudhuria nyingine katika miaka mitatu iliyopita. Hulipia ada, huketi mbele ya kompyuta kwa saa mbili na kitu, na hakuna pointi. Juu ya hapo huja faini ya pauni 100 na pointi tatu. Akifika 50 mahali pa 30, hapo ni mahakamani. Kozi ni hisani ya polisi, haidaiwi kama haki, na ikitolewa nakusihi uipokee siku hiyo hiyo maana nayo ina muhula wake.

Shauri likienda mahakamani, siku hizi huanza kwa waraka mwingine wa kushughulikiwa na hakimu mmoja bila wewe kufika, nao hutaka jibu ndani ya siku 21. Faini hukadiriwa kwa kipato cha mtu: kosa jepesi huchukua nusu ya mapato yake ya juma, kosa zito juma zima na nusu, na mwisho wake ni pauni 1,000, au 2,500 kwa kosa la barabara kuu ya magari. Aliyekosa kweli akikiri mapema hupunguziwa theluthi moja. Kwa hiyo jaza ile karatasi ya mapato pia. Ukiiacha tupu, mahakama hukukisia, na ukadirio wake haumpendelei mtu wa mshahara mdogo. Mwenye kufikisha pointi 12 katika miaka mitatu hufungiwa leseni, na dereva mpya hunyang'anywa akifikisha sita katika miaka miwili ya mwanzo. Mwenye leseni ya Kenya au Tanzania hayuko nje ya hesabu hiyo, kwani pointi zake huandikwa katika kumbukumbu ifunguliwayo kwa jina lake huko Swansea, na siku atakapopata leseni ya Uingereza atazikuta zinamngoja.

Kwa aliyekodi gari nina neno fupi. Kampuni itakata ada katika kadi yako ya benki kwa kazi ya kupeleka jina lako kwa polisi. Ada hiyo si faini, na kuilipa hakumalizi shauri. Wengi wameridhika nayo wakadhani wamekwisha, kumbe waraka wenyewe bado uko njiani. Wape anwani yako ya kweli ya nyumbani, na sanduku la posta linalofunguliwa.

Na kwa mwenyeji ampaye mgeni wake funguo, hadhari ya bima. Kwetu bima ile ndogo tumezoea kuihesabu kuwa ya gari, aingie yeyote aendeshe. Uingereza bima hufuata dereva aliyetajwa ndani yake. Mgeni akinaswa na kamera, nawe ukamtaja kwa ukweli, swali la pili litakuwa kama alikuwa na bima. Na asiyekuwa nayo hupewa pointi sita na faini ya pauni 300, mbali na mwendo. Kumwongeza mgeni katika bima kwa siku chache ni jambo la simu moja. Fanya hivyo kabla hajagusa usukani.

Binamu yangu aliijaza fomu yake siku ya 23, kwa jina lake mwenyewe. Tulikwenda pamoja mpaka posta, akapewa kile kikaratasi chembamba cha stakabadhi, akakitia ndani ya pochi nyuma ya picha ya mama yake. Baada ya majuma machache alipata barua ya kumpa nafasi ya kozi, akaihudhuria jioni moja jikoni mwake baada ya kazi, watoto wamekatazwa kushuka ngazi. Usiku ule alinipigia simu. Nilitarajia alalamike juu ya ada, bali alitaka kuniambia habari ya nguzo za taa. Mwalimu aliwafundisha kuwa mahali ambapo nguzo za taa zimepangwa kando ya barabara kwa umbali usiozidi yadi 200, pasiwe na kibao chochote, mwendo wa England ni maili 30, na Wales ni 20 tangu Septemba 2023. Nguzo zenyewe ndizo kibao. Alikuwa amekaa Leicester miaka tisa, akiipita ile barabara asubuhi na jioni kwenda kwa wazee wake, akingoja kuona tarakimu iliyoandikwa. “Kaka,” akaniambia, “leo nilipokuwa nikirudi nimezihesabu. Ziko 14 kabla hujafika kwenye kamera.”